Kidole Gumba cha Annick Nimbona

Poda ya chakula cha chachu ilikuwa haijafika kwa wiki ya tatu, kwa hiyo Jumanne ile Ninahazwe alimenya viazi. Alipima gramu mia mbili kwenye mizani ya maabara, akavikata vipande vidogo, akavichemsha nusu saa katika lita moja ya maji yasiyo na chumvi, pembeni ya sinki, chini ya tangazo linalokataza mtu yeyote kupika. Kisha akachuja yale maji kwa kitambaa safi, akatia vijiko vitano vya sukari na unga wa mwani ili yagande. Viazi vyenyewe aliviponda, akavila kwa pilipili. Chachu za Peguy zilikuwa zinataka mchuzi tu.

Peguy alikuwa mtu wa Bukavu, mwaka wa nne anatafuta udaktari wa chuo kikuu hapa Durban. Mkataba wa Ninahazwe na kampuni ya usafi ulitaja sakafu, madirisha na vyoo. Haukutaja viazi. Lakini mama wa miaka sitini na tatu akimwona kijana wa watu anaosha chupa mia moja peke yake huku sikio liko kwenye simu ya mama yake, ataliacha dekio lake kidogo, hasa kijana mwenyewe akiwa na adabu. Alimwita Docteur kabla chuo hakijamwita. Naye Peguy alimwita Mama Annick, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama inavyotakiwa.

Alichokuwa anatafuta Docteur ni chachu za mwitu zenye rangi, zinazoishi kwenye maji baridi ya mito na maziwa bila mtu kuzialika. Mara mbili kwa mwezi alikwenda na chupa zake kwenye Mto Umhlatuzana, akachota maji mahali patano, kuanzia huko juu, kupitia chini ya daraja la Queensburgh, mpaka pale mto unapoingia bandarini katikati ya makontena na kuacha kuitwa mto. Maji yale aliyapitisha kwenye chujio jembamba kama ngozi ya kitunguu, chujio akalilaza juu ya jeli ndani ya kisahani, akatia dawa ya kuzuia bakteria, akafunga kisahani kwenye kabati la joto siku tano. Siku ya sita chachu zilikuwa zimeota vidoa: vya waridi, vya chungwa, vyekundu, na kimoja cheusi kilichompa Docteur furaha ya wiki nzima. Kila kidoa alikilinganisha na karatasi ya rangi, akakitazama kwenye hadubini, akakinusa, akakiandika.

"Hamira ya nini hii isiyopandisha hata andazi?" Ninahazwe aliwahi kumuuliza.

"Hii haina kazi ya andazi, Mama Annick. Hii inajipaka rangi ili jua lisiiunguze. Rangi ile ile ya karoti."

"Kumbe na yenyewe ni dada wa saluni."

"Lakini zikizidi nyekundu, ujue mto uko na shida."

"Mto uko na shida tangu Aprili ile," Ninahazwe akasema. "Ungeniuliza mimi, usingeharibu visahani."

Aprili ile ni ya mafuriko. Annick, binti yake wa kwanza, msusi, miaka thelathini na nne, alikuwa amepanga chumba cha nyuma huko Queensburgh, hatua ishirini kutoka mtoni. Mvua iliponyesha siku mbili bila kuvuta pumzi, mto ulipanda hatua zile ishirini ukachukua chumba, kitanda, jiko la gesi, na Annick. Mjukuu, Lyse, alikuwa Isipingo kwa bibi yake, anakula maharage. Watu wa uokoaji walitafuta siku kumi na moja kwa mbwa na kamba. Siku ya kumi na mbili walikunja kamba. Wakahesabiwa waliokufa, yaani waliopatikana miili na wale ambao vitambulisho vyao vilikuwa vinajulikana. Annick hakuwa na mwili. Kitambulisho hakuwahi kuwa nacho. Alikuwa na karatasi ya mkimbizi, na karatasi ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa begani.

Hapo ndipo taabu ya Ninahazwe ilipoanzia, kwa sababu mtoto wa mkimbizi hana faili lake. Ananing'inizwa kwenye faili la mama yake kama shati kwenye hanga. Karatasi ya Lyse ikifika mwisho, sharti mwenye faili aende ofisini aweke kidole gumba kwenye kioo cha mashine, ndipo mtoto naye apewe miezi mingine. Sasa Lyse alikuwa na miaka kumi na sita, shule ilitaka karatasi yenye uhai kabla ya Ijumaa ya mwisho wa Oktoba, ili jina lake lipelekwe kwenye mtihani wa kumaliza. Bila karatasi, jina halipelekwi. Bibi yake aliomba ahamishiwe kwenye faili lake yeye. Wakasema inawezekana kabisa, alete tu cheti cha kifo cha mama.

Ninahazwe alifuata cheti hicho miaka miwili na nusu. Polisi walitaka maiti. Mochwari walitaka karatasi ya polisi. Ofisi ya vifo ilitaka karatasi ya mochwari. Na ofisi ya karatasi za wakimbizi, pale dirisha la nne, ilimtaka Annick.

"Mwenye faili lazima afike mwenyewe, Gogo," alisema yule afisa wa dirisha la nne, akimwita bibi kwa Kizulu.

"Amekufa."

"Basi lete cheti."

"Cheti kinataka maiti."

"Basi lete maiti."

"Maiti iko mtoni."

"Basi mwenye faili lazima afike mwenyewe."

Hakuwa mkali. Alikuwa na sauti ya mtu anayekuonyesha njia ya msalani. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu, Ninahazwe angepata mtu wa kumkasirikia, badala ya kuikasirikia kalamu iliyofungwa kwa uzi mfupi usiofika kwenye fomu. Aliikasirikia ile kalamu mpaka kwenye teksi, akashuka nayo Isipingo, akapika nayo, akalala nayo.

Sasa turudi kwenye viazi. Kule Bwiza, mtaa wa Bujumbura, mama yake Ninahazwe alikuwa anauza pombe ya ndizi, na alimfundisha hivi: ukishachanganya maji ya ndizi na unga wa mtama, kabla hujafunika chungu, unataja jina la mtoto wako wa kwanza, mara moja, bila kucheka. Ni kama kuiambia pombe nani anakuja kunywa. Usipotaja, pombe inanuna, haichachi. Ninahazwe alifanya hivyo miaka thelathini na ushee, na mdomo wake ulikuwa haupambanui tena kati ya chungu cha Bwiza na chupa ya maabara. Jumanne ile alipomaliza kukoroga unga wa mwani, aliinama, akasema "Annick," akafunika. Wala hakujisikia amesema.

Kesho yake Peguy aliiyeyusha jeli ile, akaimimina kwenye visahani thelathini, akaenda mtoni.

Siku ya sita Ninahazwe alikuwa anapiga deki chini ya meza ya hadubini aliposikia Docteur ameacha kuimba. Docteur huimba za kanisani anapohesabu. Akasimama kuangalia kuna nini. Mbele ya Peguy kilikuwa kisahani namba kumi na nne, maji ya mahali pa tatu, chini ya daraja la Queensburgh. Kingine chochote kingekuwa na vidoa vimetawanyika ovyo kama surua. Hiki kilikuwa na vidoa vidogo vidogo vyekundu vilivyojipanga mistari, mistari ikajikunja, ikazunguka, ikaingia ndani kwa ndani kama kamba iliyowekwa vizuri, mpaka katikati. Mstari mmoja mnyoofu, usioota kitu, ulikata mizunguko yote kwa mshazari.

"Hiki ni kidole gumba," Peguy akasema.

"Cha kulia," akasema Ninahazwe. "Huo mstari ni wembe. Alijikata akifumua rasta za mtu, mwaka ule Lyse ameanza shule."

Akaenda kwenye kabati la madekio, akarudi na mkoba wake. Ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa na nakala ya karatasi ya zamani ya Annick, yenye picha na alama ya kidole. Peguy aliiweka pembeni ya kisahani akailinganisha kama anavyolinganisha chachu zake: kwanza umbo, halafu idadi ya mistari, halafu kasoro. Ilimchukua dakika ishirini. Ninahazwe alimalizia deki.

"Ni yeye," Peguy akasema mwisho.

"Najua ni yeye. Nimemzaa."

Peguy alifungua daftari akaandika: mahali pa tatu, kisahani cha kumi na nne, chachu yenye rangi, nyekundu ya waridi, uso wa kung'aa, harufu hafifu ya mafuta ya nywele, Annick Nimbona, kidole gumba cha kulia. Kwenye nafasi ya jina la jamii ya chachu aliweka alama ya kuuliza, maana hilo bado alikuwa hana hakika nalo, na Docteur si mtu wa kuandika asilolijua.

Profesa wake alipita Alhamisi. Alikitazama kisahani, akasema matokeo ya kisahani kimoja si matokeo, irudiwe mara tatu. Ikarudiwa mara tatu. Viazi vikamenywa, jina likatajwa, safari hii kwa makusudi, na mara zote tatu kidole kikaota, na wembe wake. Hata Peguy alipochukua waya wenye kitanzi, akauchoma motoni, akagusa chachu zile na kuzipaka kwenye jeli mpya kwa mistari kama ukili, baada ya siku tano mistari haikuwepo. Palikuwa na kidole. Profesa akasema sawa, lakini vidole havimo kwenye mpango wa utafiti uliolipiwa, visiingie kwenye sura ya matokeo. Vikawekwa kwenye nyongeza.

"Mama Annick," Peguy akasema alipokuwa amebaki yeye na mama tu, "pole sana. Angalau sasa umejua yuko wapi."

Ninahazwe alikuwa anakausha chupa. Aliiweka chini polepole, kwa sababu ilikuwa chupa ya chuo.

"Miaka miwili na nusu nimejua yuko wapi," akasema. "Wasiojua ni wale. Wanamtaka afike mwenyewe. Haya, atafika."

Alimbeba kwenye kopo la lita mbili la aiskrimu, kisahani kimezungushiwa kitenge ili kisicheze. Walikwenda watatu: yeye, Lyse na sare yake ya shule iliyopigwa pasi, na Peguy aliyevaa koti la harusi ya kaka yake. Ilikuwa Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa. Walifika saa kumi na mbili asubuhi, mbele yao wakiwa wameshatangulia watu mia na ushee, wengine wamekaa kwenye ndoo. Mlinzi wa mlangoni alifungua kopo.

"Chakula hakiingii, Gogo."

"Si chakula. Ni binti yangu."

Mlinzi alitazama kisahani, akatazama orodha yake. "Ana miadi?"

"Miadi yake ilipita mwaka juzi."

"Basi anapanga foleni ya waliochelewa," mlinzi akasema, akafunga kopo vizuri, akawaonyesha upande.

Dirisha la nne waliitwa saa nane mchana. Afisa alikuwa yule yule, na uzi wa kalamu ule ule. Lyse ndiye aliyezungumza, maana Kiingereza cha Ninahazwe hutosha dukani na kanisani tu.

"Mwenye faili lazima afike mwenyewe," afisa akaanza.

"Amefika," akasema Lyse.

Ninahazwe alifungua kitenge, akaondoa kifuniko cha kisahani, akakipitisha chini ya kioo. Afisa akakigeuza juu chini, akakilaza kwenye mashine kwa uangalifu, kwa kuwa kazi ya kufuta ile mashine ni yake. Taa ya mashine ilikuwa nyekundu, ikafikiri, ikawa ya kijani. Kwenye skrini akatokea Annick Nimbona na rasta zake za mwaka ule, amekunja uso kidogo, kama walivyomwambia asicheke.

Lyse alikuwa hajamwona mama yake kwa ukubwa ule tangu Aprili ile. Alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo cha dirisha.

"Usiegemee kioo," afisa akasema. Akasoma skrini. "Ni yeye. Faili limefunguka. Kwa nini hakuja muda wote huu?"

"Amekufa," Lyse akasema. "Hicho tumekitoa mtoni. Bibi anaomba muandike kwamba amekufa, halafu mnihamishie kwenye faili la bibi."

Afisa akachukua zile karatasi walizoleta: viapo vya majirani wanne walioona chumba kikienda, barua ya mchungaji, ukurasa wa daftari la Peguy uliopigwa muhuri wa maabara. Alivisoma vyote. Hilo lazima lisemwe, alivisoma vyote. Kisha akamtazama Peguy.

"Wewe ndiye mtaalamu?"

"Ndiyo."

"Hii mashine haisomi kidole cha maiti. Imetengenezwa hivyo, watu walikuwa wanadanganya. Na imesoma. Sasa nisaidie. Hiki kilichomo humu, kiko hai au kimekufa?"

Ninahazwe hakuelewa maneno yote, lakini alielewa sura ya Peguy. Alimfinya kwenye mbavu kupitia lile koti la harusi, akamfinya kwa nguvu zote za mtu aliyekamua ndizi miaka arobaini. Haikusaidia kitu. Mtu aliyefundishwa miaka yote asiseme asilolijua, huwezi kumfinya akaacha kusema analolijua.

"Kiko hai," Peguy akasema. "Seli kama milioni mia mbili. Zinachipua kila baada ya saa tatu."

"Asante," afisa akasema.

Akakusanya viapo vinne, barua ya mchungaji na ukurasa wa daftari, akavigonga muhuri mmoja mmoja: IMEKATALIWA. Akaeleza kwa sauti ile ile ya njia ya msalani. Kumtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa ni kosa, na safari hii wanasamehewa kwa sababu ya umri wa Gogo. Ombi la kumhamisha mtoto limefungwa, haliwezi kuletwa tena, kwa sababu sababu yake imeonekana si ya kweli. Mwenye faili yupo, kidole chake kinasoma, karatasi yake inaongezwa miezi sita, na ya mtoto vilevile. Baada ya miezi sita arudi tena mwenyewe.

"Sasa picha," akasema. "Mwambie atazame kamera."

Lyse akakishika kisahani usawa wa uso wake na kukielekeza kwenye kamera. Taa ikamulika. Kwenye nafasi ya rangi ya macho afisa aliandika: hayaonekani.

"Anwani yake?"

Lyse akamuuliza bibi. Ninahazwe akasema, "Umhlatuzana, chini ya daraja."

"Mto si anwani. Nataka namba ya nyumba."

Wakampa namba ya kile chumba. Mfumo ukaikubali. Chumba kilikuwa kimejengwa upya na matofali mapya, kina mpangaji, na namba ni ile ile.

Nje, Peguy alikuwa anajishika mbavu. "Mama Annick, nisamehe. Iko ukweli. Ningesema nini?"

"Docteur," akasema Ninahazwe, "umesoma miaka ishirini na mbili. Huko kote hakuna mahali wamekufundisha uongo wa siku moja?"

Hakumsemesha tena mpaka teksi ilipopita robot ya tatu, zile taa za kuongozea magari. Hapo akampa nusu ya chapati, kwa sababu kijana alikuwa hajala tangu asubuhi na hasira yenyewe haikuwa yake yote. Sehemu kubwa ya hasira ile ilibaki bila mtu. Ninahazwe aliipakata pamoja na kopo la aiskrimu mpaka Isipingo. Ijumaa Lyse alipeleka karatasi shuleni. Mwalimu akaiangalia, akaangalia na ya mama, ile picha nyekundu ya mviringo, akasema mama yako amependeza, akaandika jina kwenye orodha ya mtihani.

Habari ya namna hii haikai chini. Wiki iliyofuata alikuja mwanamke wa Uvira anayeuza vocha pale kituo cha teksi, akamuuliza Ninahazwe kama viazi anavipika Jumanne tu ama hata siku nyingine. Mume wake alikuwa amechukuliwa na maji yale yale. Baada yake alikuja Juvénal, kinyozi, kwa ajili ya ndugu zake wawili, akaleta gunia zima la viazi mgongoni. Kufika Januari wamekuja ishirini na sita. Ninahazwe alitaja kila jina mara moja, bila kucheka, na maji ya mto yakajibu kila jina, isipokuwa moja la mtu aliyeonekana baadaye Johannesburg, ana mke mwingine, mzima wa afya.

Visahani vikapelekwa ofisini. Kila vikipelekwa, mashine ilisoma, kifo cha mtu kikafutika kidogo zaidi na karatasi yake ikaongezwa. Peguy aliulizwa hai au maiti, akajibu hai, mpaka ofisi ikachoka kumuuliza ikabandika tangazo getini: WANAOFIKA KATIKA SAHANI, DIRISHA LA SITA, ALHAMISI TU, VIFUNIKO VIONDOLEWE KABLA YA KUITWA. Chini yake mtu aliongeza kwa kalamu kwamba aiskrimu ya kweli hairuhusiwi. Na kwenye ile orodha ya waliokufa Aprili, iliyopigwa chapa rasmi, idadi haikubadilika hata kwa mtu mmoja. Kwa upande mwingine, taarifa ya mwaka ya ofisi ilisema mahudhurio ya wenye mafaili yameongezeka.

Tatizo la jeli ni kwamba inakauka. Kila wiki ya tatu Annick alikuwa anaanza kufifia kingo, rangi inakuwa ya matofali, mistari inakunjamana, na sharti ahamishiwe kwenye kisahani kipya kabla hajakata roho. Akikata, faili linakata, na Lyse anaanguka nalo. Mwanzoni kazi hiyo ilifanyika maabara. Lakini Peguy alikuwa karibu kumaliza, na baada yake angekuja mtu mwingine na mada nyingine. Basi akamwachia Mama Annick waya, taa ya spiriti, na visahani mia mbili ambavyo alisema kwenye hesabu vimevunjika. Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na alitoka jasho akiusema.

Jumapili moja baada ya kanisa, Ninahazwe alimwita Lyse mezani, akafunga dirisha ili upepo usilete ukungu. Lyse alishamaliza mtihani, amefaulu, ana nafasi ya chuo inayotaka karatasi yenye uhai kila muhula. Bibi yake alikuwa na macho ambayo yalikuwa yameanza kuona nyaya mbili mahali penye mmoja.

"Osha mikono. Mpaka kiwiko."

Lyse akaosha.

"Choma waya mpaka uwe mwekundu. Ngoja upoe, hesabu kumi. Usimtie mama yako moto. Sasa fungua kifuniko kidogo tu, kama mtu anayechungulia wageni. Gusa ukingoni, hapo bado mbichi. Usikwangue, binti, gusa. Mama yako hakupenda kukwanguliwa."

"Ni hii tu?"

"Hii tu. Sasa paka huko kupya. Mistari. Taja jina."

"Maman," akasema Lyse.

"Jina."

"Annick," akasema Lyse, bila kucheka, akafunika.

Walikaa wakakitazama kisahani kipya, kitupu bado, kinang'aa kama paji la uso lililopakwa mafuta. Lyse aliandika tarehe kwenye mkanda wa karatasi, akaubandika ubavuni. Akafuta meza. Alikuwa na swali, na bibi yake alikuwa analiona linavyomzunguka mdomoni.

"Toa."

"Bibi, eish, usikasirike. Na wewe je? Siku ikifika. Nikutafutie kisahani chako, ama niwaweke pamoja?"

Ninahazwe alizima taa ya spiriti kwa kifuniko chake, jinsi Docteur alivyomfundisha, bila kupuliza.

"Mimi usinipike," akasema. "Mimi nataka kufa mara moja tu, kama watu wenye kitambulisho."